Gari la Wagonjwa na Mlango wa Chuo

Katika ukoo wetu, kama katika koo nyingi za mkoa wa Tanga, mtoto anayesema anataka kuwa daktari huanza kuheshimiwa kabla hajashika sindano. Watu humwita daktari angali darasa la tano. Kwa hiyo ndugu msomaji ataelewa jinsi jamaa zangu walivyoshtuka zilipofika habari za binti wa mdogo wangu, aliyekuwa Marekani kwa masomo. Sote tulihesabu kwamba yu karibu kumaliza udaktari. Kumbe amemaliza shahada ya kwanza ya biolojia, na badala ya kuingia chuo cha udaktari ameajiriwa katika gari la wagonjwa. Anafanya zamu za usiku, anabeba machela, na mshahara wake, ukilinganishwa na gharama za nchi ile, hauzidi sana ule wa muuza duka.

Mdogo wangu alikuwa ameuza nusu ya shamba la michungwa ili mtoto huyo apate nauli na karo ya mwanzo. Huko Muheza maneno hayachelewi kufika sokoni, na baada ya wiki mbili watu walikuwa wakisema kwamba binti yake anapakia maiti Marekani. Alinijia na ombi moja tu. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, nimwandikie mtoto na nimwamuru aiache kazi ile. "Kaka," aliniambia, "wewe atakusikia. Mimi ananijibu kwa mahesabu."

Sikuandika siku ile. Mwalimu hasahihishi daftari ambalo hajalisoma. Nilimwomba kwanza binti mwenyewe anieleze, naye akaniandikia kwa adabu: "Shikamoo Baba Mkubwa. Huku kufanya hivi ni jambo la kawaida, wala sijaacha safari yangu." Akanieleza utaratibu wa nchi ile. Masika yote yale, mvua ikinifungia ndani, nilisoma habari za jambo hili mpaka nikaona limeanzia mbali kuliko nilivyodhani, na kwamba linatuhusu hata sisi. Hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Marekani mtu haingii chuo cha udaktari moja kwa moja kutoka sekondari, kama ilivyo kwetu. Husoma kwanza shahada ya miaka minne, kisha hufanya mtihani maalumu, kisha huomba nafasi, na akikubaliwa husoma miaka mingine minne. Johns Hopkins, chuo kilichofunguliwa mwaka 1893, kilidai shahada ya kwanza tangu mwanzo wake. Baada ya ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910, ambayo ilisababisha vyuo vingi dhaifu kufungwa, masharti magumu ya kuingilia yakawa ndiyo kawaida ya nchi nzima. Waombaji ni wengi kuliko nafasi. Wote wana alama nzuri, hivyo vyuo huuliza swali la pili: je, huyu amewahi kukaa karibu na mgonjwa, au ugonjwa ameuona vitabuni tu? Ndiyo maana vijana wengi huchukua kozi ya miezi michache ya huduma ya dharura, hupewa cheti, na hufanya kazi katika magari ya wagonjwa kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuomba.

Nilidhani huu ni mtindo wa siku hizi, lakini nilipoifuata historia ya gari lenyewe niliona kwamba udaktari na gari la wagonjwa vilianza pamoja, vikatengana, kisha vikarudiana.

Mwaka 1869, hospitali ya Bellevue ya New York ilianzisha huduma ya magari ya wagonjwa yaliyokokotwa na farasi. Aliyeipanga ni Edward Dalton, daktari aliyekuwa amehudumu jeshini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akajifunza huko kwamba majeruhi hufa njiani kwa kukosa mtu wa kumsaidia mapema. Chini ya kiti cha gari palikuwa na sanduku lenye bendeji, vibao vya kufungia mifupa iliyovunjika, sifongo, na chupa ya brandi. Nyuma ya gari aliketi daktari kijana, aliyetoka chuoni juzi tu. Kwa kijana yule gari lilikuwa darasa lake la mwisho, na alijifunza mambo ya mitaani na ya vyumba vya maskini ambayo hayakuwamo katika mihadhara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mwanamke mmoja, Emily Dunning, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Barringer, alikuwa wa kwanza wa jinsia yake kupata kazi ile mjini New York, katika hospitali ya Gouverneur. Madaktari wenzake wanaume walimsumbua kwa kila namna ili achoke aondoke, lakini hakuondoka. Alipanda nyuma ya gari la farasi na mfuko wake, akaingia katika mitaa ya wahamiaji maskini ambako askari polisi na wakazi walimzoea upesi kuliko wenzake wa wodini. Habari hizi nilimsomea mdogo wangu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini huyo alikuwa tayari daktari." Alisema kweli, na jibu lake lilinilazimisha kusoma zaidi.

Baadaye madaktari waliteremka garini. Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wengi kwenda jeshini, hospitali nyingi ziliacha huduma hiyo, na vita vilipokwisha hawakurudi garini. Nani basi alibeba wagonjwa wa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960? Mahali pengine ni polisi, mahali pengine ni kikosi cha zimamoto, na karibu nusu ya huduma zote nchini zilikuwa mikononi mwa wenye biashara ya mazishi. Sababu ilikuwa nyepesi: wao ndio waliokuwa na gari refu ambamo mtu anaweza kulazwa chali. Gari lile lile lililobeba jeneza asubuhi lilibeba majeruhi jioni, na dereva hakulazimika kujua hata kuzuia damu. Kwa hiyo watu wa soko la Muheza waliosema binti yetu anapakia maiti hawakukosea sana. Walichelewa tu kwa miaka sitini.

Mabadiliko yalianza mwaka 1966. Chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba ajali ni ugonjwa uliopuuzwa. Mwaka wa kabla yake, 1965, ajali za kila aina ziliua watu 107,000 nchini humo, na kati yao 49,000 walikufa katika ajali za magari. Ripoti ilieleza kwamba askari aliyejeruhiwa vitani alikuwa na matumaini ya kupona kuliko raia aliyegongwa na gari katika barabara ya mji wake, kwa kuwa askari alikuwa na mhudumu aliyefundishwa kando yake, na raia hakuwa naye. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya usalama barabarani, na serikali kuu ikaanza kuweka viwango vya mafunzo ya watu wa magari ya wagonjwa.

Lakini waliothibitisha kwamba raia wa kawaida anaweza kufundishwa kazi hii hawakuwa watu wa serikali. Walikuwa vijana weusi wa mtaa wa Hill District, katika mji wa Pittsburgh. Mtaa ule ulikuwa maskini, na aliyepatwa na dharura alisubiri gari la polisi, akatupwa nyuma, akafikishwa hospitalini akiwa hai au vinginevyo. Mwaka 1967 ilianzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Daktari aliyetunga mafunzo yake ni Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, ambaye miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa waliothibitisha njia ya kumpulizia mgonjwa pumzi kwa mdomo. Mwaka 1966 binti yake mdogo alikuwa amefariki baada ya kushikwa na pumu. Daktari mwenye ujuzi huo mkubwa alikuwa amefiwa na mtoto ambaye msaada ulimchelewea. Baada ya hapo aligeuzia nguvu zake kwenye zile dakika za kabla ya hospitali.

Waliochaguliwa ni watu ambao nchi yao ilikuwa imekata tamaa nao. Baadhi hawakuwa na kazi, baadhi hawakumaliza sekondari, na wengine walikuwa wamerudi kutoka vita vya Vietnam. Walifundishwa kwa saa 300 hivi: mwili wa binadamu, pumzi, moyo, majeraha, uzazi, hata namna ya kuendesha gari bila kumtikisa mgonjwa. Walianza kazi mwaka 1968, na muda si mrefu wakawa wanatoa huduma ambayo mitaa ya matajiri ya mji ule haikuwa nayo. Wazee wa mtaa walikataa kubebwa na polisi wakasema wanawasubiri wale vijana.

Mwaka 1974 akaja kuwasimamia daktari mwanamke kijana, Nancy Caroline. Hakuwafundisha darasani tu bali alipanda nao garini usiku. Kazi yao ilitumiwa kupima mtaala ambao baadaye ulienea nchi nzima, na kitabu chake cha mafunzo kilichotoka mwaka 1979 kilisomwa na vizazi vya wahudumu wa dharura. Kisha mama huyu akaja huku kwetu Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi Nairobi na shirika la AMREF, lile la madaktari warukao kwa ndege, lililoanzishwa mwaka 1957. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifurahi, kwa kuwa wengi wetu wa umri huu tunakumbuka ndege ndogo ikitua katika uwanja wa majani kumchukua mgonjwa. Elimu iliyopimwa katika mitaa ya Pittsburgh ilikuwa imevuka bahari.

Sehemu ya mwisho ya habari ya Freedom House ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Mwaka 1975 serikali ya mji ilianzisha huduma yake yenyewe, na Freedom House ikafungwa. Nancy Caroline alishikilia kwamba watu wake waajiriwe wote. Waliajiriwa, lakini mitihani mipya na vyeo vilivyopewa wageni wasiojua kazi viliwasukuma wengi nje. Wachache walibaki, na mmoja wao, John Moon, alipanda hadi kuwa naibu mkuu wa huduma ile ya mji. Wengine walirudi mitaani wakiwa na ujuzi ambao hakuna aliyeuuliza. Walikuwa wamehudumu vizuri, na utumishi wao haukuwafungulia mlango wowote.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba hapo ndipo hofu yake ilipo na haki. Hakuogopa machela. Aliogopa kwamba binti yake angebaki na machela.

Tusidhani kwamba suala la kazi kabla ya chuo ni la Wamarekani. Sisi tumelijaribu, tena kwa nchi nzima. Waingereza walianza kufundisha madresa wa vijijini katika miaka ya 1920. Waliwapa mafunzo mafupi, bendeji, dawa za vidonda na kibanda. Tulipopata uhuru mwaka 1961 madaktari wazalendo walikuwa 12 hivi kwa Tanganyika nzima, na mzigo wa wagonjwa ulibebwa na madresa na waganga wasaidizi. Mwaka 1963 ulianza utaratibu wa busara. Waganga wasaidizi waliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa walirudishwa shule kwa miaka miwili, wakatoka wakiwa madaktari wasaidizi, wale tuliowajua kwa herufi za AMO. Akina mama wengi wa wilayani waliopasuliwa ili wajifungue salama walipasuliwa na watu hao. Waliingia darasani wakiwa wameshaona wagonjwa kwa maelfu, na mwalimu alipotaja ugonjwa wao walikumbuka uso wa mtu.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Nilikuwa mwalimu kijana, miaka mitatu tu tangu nitoke chuo cha ualimu, na nakumbuka tulivyolijadili azimio lile chini ya mwembe wa shule. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka mmoja, akafanya kazi angalau miaka miwili, kisha akaomba, akiwa na barua za mwajiri na za tawi la chama. Wazo lilikuwa zuri. Chuo kisizae watu wanaojua kuandika ripoti za kijiji ambacho hawajawahi kulala. Mimi mwenyewe niliona faida ya wazo kama hilo kwa walimu wa UPE niliowasimamia shuleni kwangu, vijana waliotoka darasa la saba wakawa wanafundisha huku wanajifunza ualimu. Watu waliwacheka, na wapo waliostahili kuchekwa. Lakini wapo pia waliofika mbali, na hao walikuwa na kitu kimoja ambacho sisi wa chuoni tulichelewa kukipata: hawakumwogopa mtoto asiyeelewa.

Pamoja na hayo, mpango wa Musoma ulikwama, na tulio hai hatuna budi kusema kwa nini. Wasichana walianza kupungua. Binti aliyefanya kazi miaka miwili aliolewa, akapata mtoto, na chuo kikawa mbali. Mnamo mwaka wa masomo wa 1976/77 wanawake wakaruhusiwa kuomba bila kungoja, na katika miaka ya 1980 utaratibu wote ukaachwa. Tena barua zile za mwajiri zilimpa mtu mmoja mezani uwezo wa kuamua maisha ya mwingine.

Namkumbuka bwana mmoja aliyekuwa mganga msaidizi wa vijijini katika zahanati jirani na shule yangu, na sitataja jina wala mahali. Siku moja mwanafunzi wangu wa darasa la sita alianguka kutoka juu ya mwembe, paja likavunjika. Watu walikwishamwinua wamweke juu ya baiskeli, mguu ukining'inia. Bwana yule alifika akikimbia, akawakemea wamrudishe chini. Akavunja ufito, akaufunga pamoja na mguu mzima kwa khanga mbili, akaufunga mguu ule na mwenzake, kisha akatutuma tutafute lori. Alikaa naye nyuma ya lori kilomita 40, akimshika kichwa na kumsimulia habari za timu ya Coastal Union. Mtoto yule leo ni fundi seremala, na hachechemei.

Bwana yule alikuwa na hamu moja, kurudi masomoni. Aliniletea fomu zake nimsaidie kuzijaza, si mara moja bali mara tatu. Kila mara zilikwenda katika ofisi moja, na kila mara zililala katika saraka ya meza. Alistaafu akiwa na cheo kile kile. Hakulalamika mbele ya watu, lakini alikuwa na faili nyumbani lenye nakala za maombi yote, nalo nililiona siku ya msiba wake. Sijaona hasara kubwa kuliko ile. Nchi ilikuwa imepata bure mtu aliyekwisha kuthibitishwa na mtihani mgumu kuliko wowote wa karatasi, ikamwacha.

Kwa upande wa pili upo mfano unaotia moyo, wa Jonny Kim, Mmarekani mwenye asili ya Korea. Aliingia jeshi la majini la nchi yake mwaka 2002, akawa mhudumu wa tiba katika kikosi cha makomando, akaenda vitani Iraki. Huko mwaka 2006 alipoteza rafiki, na kwa maelezo yake mwenyewe ni kule kuona mwenzake amejeruhiwa na yeye hana zaidi la kumfanyia ndiko kulikomfanya atake udaktari. Akarudi, akasoma shahada ya hisabati, akaingia Harvard, akahitimu udaktari mwaka 2016. Mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mwanaanga, na mwaka 2025 akakaa miezi kadhaa angani. Ni kweli si kila mtu atapanda juu kiasi hicho. Ninachokitaka katika mfano huu ni kwamba palikuwa na ngazi: jeshi lilimruhusu kusoma, chuo kikauona utumishi wake kuwa sifa, na malipo ya masomo yakapatikana.

Nilipofika hapo nilijua la kuandika. Niliandika barua mbili, moja kwa binti na moja kwa baba yake ingawa anakaa umbali wa kutembea, kwa kuwa neno lililoandikwa halibishiwi haraka.

Kwa binti nilisema: endelea na kazi, una baraka zangu, lakini kwa masharti matatu. La kwanza, weka mwisho, miaka miwili. Kazi isiyo na mwisho uliotajwa hugeuka kuwa makazi. La pili, jiandikishe kwa mtihani wa kuingilia chuo sasa, usingoje siku utakapojiona uko tayari. La tatu, kila mwezi mwandikie baba yako jambo moja ulilojifunza, kwa Kiswahili chepesi, ili ajue shamba lake la michungwa linazaa nini.

Kwa mdogo wangu nilisema: usimwamuru aache, mlinde asikwame. Alinijia jioni ile ile. "Na akizoea mshahara, Kaka?" Nilimwambia kwamba hilo ni swali la haki na ndiyo maana nimeweka miaka. "Na wakimkataa?" Nikamwambia akikataliwa atakuwa amekataliwa akiwa na kazi mkononi, naye mwenye kazi hungoja vizuri kuliko asiye nayo.

Barua za kila mwezi zilikuja. Mdogo wangu alianza kwa kunipa nizisome kwa sauti, baadaye akawa anazisoma mwenyewe, akivaa miwani aliyokuwa akiikataa. Katika moja aliandika: "Baba, hospitalini mgonjwa anafika ameshafunikwa shuka safi. Sisi tunamkuta kwake. Naona jokofu halina kitu, naona dawa alizoandikiwa miezi sita iliyopita hazijafunguliwa, na naona ngazi za ghorofa tatu anazopaswa kupanda na moyo ule. Daktari anauliza kwa nini hakunywa dawa. Mimi nimeshaona kwa nini." Katika nyingine alisimulia mwenzake wa zamu, kijana hodari wa masomo, ambaye baada ya miezi mitano aligundua kwamba hawezi kustahimili kilio cha ndugu wa marehemu, akaenda kusomea mambo ya maabara. Hakudharauliwa. Alikuwa ameijua nafsi yake kabla hajakopa fedha za miaka minne ya chuo, na hiyo ni elimu ya bei nafuu.

Sitaficha kwamba mambo hayakunyooka. Mwaka wa kwanza aliomba vyuo 14, na vyote vilimkataa. Kwa wiki tatu mdogo wangu hakupita mbele ya nyumba yangu. Binti aliomba mwaka mmoja zaidi, nami nikaukubali, kwa sababu alikuwa amelitimiza sharti la mtihani na alijua ni alama ya somo gani iliyomwangusha. Alisoma mchana, akafanya kazi usiku. Safari ya pili vyuo viwili vilimwita, kimoja kikamchukua. Sasa yuko mwaka wa pili wa udaktari, ana deni ambalo sipendi kulitaja tarakimu zake, na angali anafanya zamu chache za likizo katika lile lile gari.

Nini basi tujifunze? Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba vijana wa leo hawataki kuanza chini. Mimi nimeona kwamba mara nyingi sisi wazazi ndio tusiotaka waanze chini, kwa sababu ya maneno ya sokoni. Tunataka mtoto aruke kutoka dawati hadi koti jeupe. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka kutibu watu hana budi kwanza kuwabeba.

Lakini upande wa pili wa neno hili ni mzito vilevile, na naomba wakubwa wa maofisi walisome mara mbili. Kumwambia kijana ainame ni haki ikiwa kweli kuna kitu mvunguni. Vijana wa Freedom House waliinama. Bwana yule wa zahanati aliinama maisha yake yote. Kazi kabla ya masomo ni shule njema pale tu ambapo mlango wa masomo umebaki wazi, na mtu anajua utafunguliwa lini na kwa sifa zipi. Mlango ukifungwa, kazi ile ile hugeuka kuwa njia ya kuwatumia watu kwa bei ndogo.

Nayasema haya kwa sababu wakati wa kuyatenda upo sasa hapa nyumbani. Idara kamili ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na tangu wakati huo madaktari wetu wanabobea katika tiba hiyo nchini mwao. Mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, kwa kupiga simu namba 115, umeonyesha kwamba hata dereva wa kawaida wa kijijini, akipangwa na kulipwa, anaokoa maisha. Kati ya madereva hao na wahudumu wa zahanati zetu wamo, bila shaka, vijana waliopata alama za wastani katika mtihani mmoja wa kidato cha nne na ambao wangekuwa waganga bora. Atakayewatambua ni nani? Mitihani yetu haina swali la kupima nani alikaa nyuma ya lori kilomita 40 akishika kichwa cha mtoto wa mtu mwingine. Mkubwa wake wa kazi ndiye anayeweza kuliona hilo na kuliandika. Nami namwomba kila mkubwa wa kazi atakayesoma ukurasa huu: ikiwa kuna fomu ya mtu wako ndani ya saraka ya meza yako, kesho asubuhi itoe, uitie sahihi, uipeleke.